Dawa ya Magugu na Kizazi cha Samaki wa Mto Kagera

Yafuatayo ni maandishi ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa wilaya za Ngara na Biharamulo, Mkoa wa Kagera.



Kila mwaka, mvua za vuli zinapokaribia kuanza, mambo mawili hutokea kwa wakati mmoja katika nchi hii ya vilima na mabonde. Jambo la kwanza huonwa na kila mtu. Mkulima hununua chupa ya dawa ya kuua magugu dukani, huazima au hukodi bomba la kupulizia, hushuka bondeni palipo na maji, na palepale ukingoni huchanganya dawa yake. Akisha kupulizia shamba hurudi palepale kusuuza bomba na kunawa mikono, na mara nyingine huitupa chupa tupu kwenye matete. Jambo la pili halionwi na mtu. Usiku, mvua za kwanza zikisha kufurisha kingo za mto, kambale huacha vilindi akaja kwenye nyasi zilizofunikwa na maji machache, na huko hutaga mayai yake. Hali kadhalika ningu, ambaye sehemu kubwa ya maisha yake huipitisha katika Ziwa Victoria, huupanda Mto Kagera wakati wa mafuriko kwenda kuzaa.

Kalenda ya mkulima na kalenda ya samaki, basi, ni kalenda moja. Maji yaliyosuuza bomba ndiyo hayo hayo yanayolea mayai. Mazungumzo haya yanahusu lile linaloweza kutokea hapo, ndani ya yai na ndani ya tone la damu ya samaki, mahali ambapo jicho tupu halifiki.

Watu wengi, na miongoni mwao wamo watumishi wenye elimu ya kutosha, hupima usalama wa mto kwa swali moja tu: je, samaki wamekufa? Kama hawakufa, mto ni salama. Fikra hii ina historia yake. Katika miaka ya 1990 baadhi ya wavuvi wa Ziwa Victoria walianza kumwaga dawa za kuua wadudu majini ili wapate samaki wengi bila jasho. Samaki walielea, wakaokotwa, wakauzwa. Mwezi Machi 1999 Umoja wa Ulaya ulifunga soko lake kwa samaki wa ziwa hilo, na hasara ikawaangukia hata wavuvi ambao katika maisha yao hawakupata kushika chupa ya sumu. Tangu hapo, sumu ya majini ikaeleweka kuwa ni ile inayofanya mizoga ielee.

Dawa ya magugu, kwa kiasi ambacho mvua huiteremsha kutoka shambani, aghalabu haielezi mizoga. Samaki huendelea kuogelea, hula, na hununuliwa sokoni akiwa na rangi yake nzuri. Ndiyo sababu hapana budi kuuliza swali jingine, lililo gumu zaidi: samaki huyu aliye hai, ndani ya seli zake kuna nini, na watoto wake watakuwaje?

Walimu wa bayolojia hawahitaji kuelezwa, lakini kwa faida ya wengine yafaa jambo lenyewe liwekwe wazi. Kila seli ya samaki, kama ilivyo kila seli ya mwanadamu, ina kiini, na ndani ya kiini mna kromosomu zilizobeba vinasaba, yaani maagizo yote ya mwili. Mtumishi wa ofisini atalielewa jambo hili kwa mfano wa jalada. Ofisi inapotaka kugawanywa kuwa mbili, jalada lote hunakiliwa kwanza, kisha kila ofisi huchukua nakala yake. Ukurasa ukichanika kabla ya kunakiliwa na pasiwe na mtu wa kuuganda, nakala zitakazofuata zote zitakuwa na pengo lile lile, na karani atakayekuja miaka kumi baadaye hatajua kama palikuwa na ukurasa. Seli nazo hugawanyika hivyo. Ikiwa kemikali imekata kromosomu, na mwili haukuwahi kuuganda ule mkato, pengo huendelea.

Mkato huo una alama yake. Seli inapogawanyika, kipande cha kromosomu kilichokatika hukosa kuvutwa pamoja na vingine. Hubaki nyuma, na mwishowe hufungiwa peke yake kikawa kiini kidogo, kama tone la wino, pembeni mwa kiini kikubwa. Wataalamu huvihesabu viini vidogo hivi. Na hapa samaki ana fadhila ambayo mwanadamu hana. Chembe nyekundu za damu ya mtu mzima hupoteza viini vyake kabla hazijaingia katika mzunguko wa damu, lakini za samaki hubaki navyo. Kwa hiyo tone moja la damu ya kambale, likisambazwa juu ya kioo na kutiwa rangi, latosha kuonyesha kama samaki huyo amekutana na kitu kinachokata kromosomu.

Iko njia ya pili, iliyobuniwa katika miaka ya 1980. Seli huwekwa ndani ya utelezi mwembamba, utando wake huyeyushwa, kisha umeme hupitishwa. Vinasaba vilivyo vizima hubaki mahali pake, ilhali vilivyokatika vipande huvutwa mbele. Chini ya hadubini, seli iliyoharibika huonekana kama nyota yenye mkia. Kadiri mkia ulivyo mrefu na mzito, ndivyo uharibifu ulivyo mkubwa. Wataalamu waliichagua nyota hiyo kuwa jina la kipimo chenyewe.

Kwa njia hizi mbili, yaliyogunduliwa katika nchi mbalimbali ni haya. Mwaka 2002 wataalamu wa India walichapisha matokeo ya kuwaweka kambale wa nchi yao, walio wa jamii moja na kambale wa mito ya Afrika, katika maji yenye 2,4-D, na wengine katika maji yenye butakloro, dawa ya magugu ya mashamba ya mpunga. Viini vidogo viliongezeka katika damu yao, na chembe nyekundu zenyewe zikabadilika maumbo. Mwaka huo huo, Brazili ilitoa matokeo ya namna hiyo kwa samaki wa jamii ya perege, ambaye asili yake ni Afrika. Mwaka 2007 ikawa zamu ya Uturuki: samaki wa dhahabu, wale wa kufugwa ndani ya vioo, waliwekwa katika maji yenye dawa ya glaifosati kwa kiasi cha miligramu 5 hadi 15 katika lita moja, na uharibifu ukaonekana kwa njia zote mbili.

Wapo waliosema, na hoja yao ina uzito, kwamba maabara si mto. Miligramu 15 katika lita ni kiasi kikubwa; mto wenye maji mengi hauwezi kufikishwa hapo kwa bomba la mgongoni. Jibu la sehemu ya hoja hiyo lilitoka Ureno mwaka 2010. Huko samaki aina ya mkunga waliwekwa kwa siku moja na kwa siku tatu katika maji yenye dawa ya biashara ya glaifosati kwa kiasi cha mikrogramu 58, na wengine 116, katika lita moja. Mikrogramu 58 katika lita ni sawa na gramu moja ndani ya lita zaidi ya elfu kumi na saba. Hata kwa uchache huo, vinasaba vya damu ya mkunga vilikutwa vimekatika. Na ukingoni pa kijito, mahali bomba linaposuuzwa, dawa haijapata lita elfu kumi na saba za kujificha. Inao udongo, nyasi, na maji ya kufika magotini. Ni hapo hasa ambapo kambale huja kutaga.

Jambo jingine, ambalo wauzaji wachache hulitaja, ni kwamba chupani hamna dawa peke yake. Humo hutiwa pia vitu vya namna ya sabuni ili dawa igande juu ya jani na kupenya. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 ilijulikana kuwa sabuni mojawapo inayochanganywa na glaifosati, itokanayo na mafuta ya wanyama, ni kali kwa samaki kuliko glaifosati yenyewe. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku sabuni hiyo katika dawa za glaifosati mwaka 2016. Kwa hiyo anayesoma jina la dawa tu bila ya kuuliza kilichochanganywa nayo amesoma nusu ya kibandiko.

Hata hivyo, ndugu, penye hofu nyingi ukweli hupotea upesi kama unavyopotea penye uzembe, na yako mambo matatu ambayo mwalimu lazima ayatenge vizuri kabla hajasimama mbele ya wanafunzi au mbele ya mkutano wa kijiji.

Kuna habari ya urithi kwanza. Kiini kidogo katika chembe ya damu hakirithiwi. Chembe hiyo itazeeka na kufa, na mara nyingi samaki akirudishwa katika maji safi damu yake hurudi katika hali njema, maana mwili unao ufundi wa kutengeneza mikato mingi. Damu ni shahidi tu. Inatoa habari kwamba kitu kinachokata kromosomu kimepita mwilini. Hatari ya kizazi iko katika yai, katika mbegu ya dume, na katika kiinitete cha siku za mwanzo, ambapo seli hugawanyika haraka mno na nafasi ya kutengeneza ni ndogo. Hapo mkato usioungwa huweza kuleta kifaranga kilemavu, au yai lisiloanguliwa kabisa. Yai lisiloanguliwa halionekani na mtu. Mvuvi huona tu kwamba mwaka huu samaki ni wachache, naye husema ni mapenzi ya Mungu au ni wavuvi haramu.

Pia kuna habari ya mlaji. Kumla samaki mwenye kromosomu zilizokatika hakumpi mtu kromosomu zilizokatika. Vinasaba vya samaki humeng'enywa tumboni kama chakula kingine chochote. Wala dawa nyingi za magugu zinazotumika sasa hazikusanyiki katika mafuta ya samaki kama ilivyokuwa DDT. Mtu akitangaza sokoni Biharamulo kwamba samaki wana ugonjwa wa vinasaba, atakuwa amesema uongo, na atakuwa amewanyima watoto kitoweo ambacho wazazi wao hawana pa kupata kingine. Yaliyotokea mwaka 1999 yanaonyesha jinsi soko linavyoumia likitishwa. Ama juu ya wapuliziaji wenyewe, ambao huivuta dawa na kuimwagia migongo yao, hilo ni suala jingine na zito. Mwaka 2015 shirika la Umoja wa Mataifa la utafiti wa saratani liliiweka glaifosati katika kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani kwa binadamu. Mamlaka ya chakula ya Ulaya ikapinga mwaka huo huo, na mwaka 2023 Ulaya ikairuhusu tena kwa miaka kumi. Wakubwa hawajapatana.

Jambo la tatu ni kwamba si kila kiini kidogo kimeletwa na dawa ya magugu. Madini mazito, taka za viwandani, hata dawa za kuua wadudu, zaweza kuacha alama hiyo hiyo. Anayepima hana budi kulinganisha samaki wa juu ya mashamba na samaki wa chini ya mashamba, kabla ya msimu na baada ya msimu. Bila ya ulinganisho huo, ni kupiga ramli kwa hadubini.

Baada ya kuyatenga hayo, yafaa kurudi mtoni. Mto Kagera ni mkubwa kuliko mito yote iingiayo Ziwa Victoria. Maji yake hukusanywa mbali: Ruvubu huyaleta kutoka Burundi, Nyabarongo huyaleta kutoka Rwanda, na yote hukutana karibu na maporomoko ya Rusumo, mpakani mwa Ngara. Vilima vingi katika bonde hilo vimelimwa au vinalimwa, na miteremko ni mikali. Glaifosati hushikamana na udongo. Kwa hiyo inakokwenda udongo ndiko inakokwenda nayo, na kila mwananchi wa Ngara anajua udongo unakokwenda mvua ikinyesha, kwani huuona mto ukigeuka rangi ya matofali. Atrazini, inayotumiwa katika mahindi, ina tabia tofauti: huyeyuka na kusafiri na maji yenyewe, hata yale yanayopita chini ya ardhi. Ulaya iliamua kuiacha tangu mwaka 2004 kwa sababu ilikutwa katika maji ya visima.

Historia ya mto huu inayo pia habari moja ya heri, na ni ajabu kwamba haifundishwi sana. Mwishoni mwa miaka ya 1980 magugu maji yaliingia Ziwa Victoria, na Mto Kagera ukawa mojawapo wa njia zake kubwa, ukiyateremsha kwa visiwa vizima kutoka Rwanda. Katika miaka ya 1990 mitumbwi ilishindwa kutoka pwani, mitambo ya maji iliziba, na samaki walikosa hewa chini ya zulia lile la kijani. Palizuka mjadala mkali katika nchi zote tatu za ziwa. Wapo waliotaka dawa ya magugu, 2,4-D au glaifosati, ipuliziwe moja kwa moja juu ya maji, maana ni njia ya haraka. Waliopinga walitaja maji ya kunywa, samaki, na soko la samaki. Hatimaye nguvu kubwa ikawekwa katika njia ya taratibu: mbawakavu wadogo wa jamii ya Neochetina, wenye asili ya Amerika ya Kusini kama magugu yenyewe, wakafugwa na kuachiliwa majini, na wananchi wakayang'oa magugu kwa mikono katika fukwe zao. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 2000 magugu yalikuwa yamepungua sana, ijapokuwa hayakwisha, na wataalamu wengine husema mvua na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998 nayo yalisaidia.

Katika habari hiyo mbawakavu ndio wanaopendwa kusimuliwa, lakini lenye maana zaidi kwa mazungumzo haya ni kwamba nchi za Afrika Mashariki zilikubali kusubiri miaka kadhaa kuliko kumwaga dawa ya magugu ndani ya ziwa. Sasa dawa ile ile iliyokataliwa kumwagwa ziwani kwa pamoja na hadharani, inaingia kidogo kidogo, bomba kwa bomba, kutoka katika kila kijito, bila ya mkutano wowote kuitishwa.

Si haki, hata hivyo, kumwekea mkulima lawama yote. Tangu Azimio la Iringa la mwaka 1972, Siasa ni Kilimo, amekuwa akiambiwa aongeze mavuno, na mara nyingi zana aliyonayo ni jembe la mkono. Palizi ya jembe la mkono huliwa na migongo ya akina mama. Walimu wanajua zaidi kuliko mtu yeyote jinsi daftari la mahudhurio linavyokuwa na nafasi tupu wakati wa palizi. Dawa ya magugu ilipofika ikimwezesha mama mmoja kusafisha shamba kwa siku moja badala ya majuma mawili, ilikuwa ni ukombozi wa namna fulani, na anayesimama jukwaani kumwambia aiache bila ya kumpa jembe la kukokotwa, au mazao ya kufunika ardhi, au hata watu wa kumsaidia, anazungumza peke yake. Mkulima huyo hakuagiza dawa kutoka nje, hakuandika kibandiko kwa lugha asiyoisoma, wala hakupanga duka la pembejeo lisiwe na mtu wa kumweleza.

Kinachowezekana ni kuitenga dawa na maji, na sehemu kubwa ya kazi hiyo haihitaji fedha. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu zilizo za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Mita 60 ni hatua themanini hivi za mtu mzima. Ukanda huo ukiachiwa matete na mabingobingo, udongo unaoteremka na glaifosati yake hunaswa humo, na ng'ombe hupata majani. Maji ya kuchanganyia dawa yachotwe kwa ndoo yakapelekwe shambani, na bomba lisuuzwe huko huko juu ya ardhi iliyopuliziwa. Asipulizie mtu mawingu yakiwa yamefunga, kwani mvua ikinyesha saa ile ile atakuwa amepoteza dawa, fedha na samaki kwa mkupuo mmoja. Chupa tupu itobolewe, isije ikatiwa mafuta ya taa, au maziwa, au togwa. Yote haya Bwana Shamba anayajua.

Na hapa kuna neno la kuwaambia watumishi wenyewe. Bwana Shamba ana kalenda yake ukutani, inayoonyesha lini kulima, lini kupulizia, lini kupanda. Bwana Samaki naye anajua lini kambale hutaga na lini nyavu ziondolewe mtoni. Wawili hawa huenda wanapokea mishahara katika halmashauri moja na kunywa chai chini ya mwembe mmoja, lakini kalenda zao hazijapata kutundikwa ukuta mmoja. Kama zingetundikwa pamoja, mtoto wa darasa la sita angeona kwamba majuma ya kupulizia na majuma ya kutaga ni yale yale, na pangekuwa na jambo la kujadili katika kikao cha maendeleo cha kata. Zipo taasisi kubwa: Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020, ndiyo isajiliyo dawa, Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi ndiyo ichunguzayo samaki, Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria ndiyo itunzayo mito. Kila moja ina kipande cha kazi hii. Samaki, kwa bahati mbaya, hajagawanywa katika idara.

Mto wenyewe nao haukugawanywa kwa mipaka ya nchi. Mwaka 1977 Tanzania, Rwanda na Burundi ziliunda shirika la kuendeleza Bonde la Mto Kagera, na Uganda ikajiunga mwaka 1981. Vita na ufukara wa fedha vililidhoofisha, na mwaka 2004 likavunjwa. Rwanda na Burundi zilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake Kisumu, ndiyo mahali pa kupeleka habari ya dawa zinazoteremka kutoka juu ya Rusumo. Lakini ni vigumu kumwambia jirani afunge bomba lake ukiwa na lako mkononi linachuruzika.

Kwa walimu ipo kumbukumbu inayofaa kufufuliwa. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni mbili nchini kote katika vikundi vya kusikiliza redio, wakiwa na kitabu kidogo na kiongozi wa kikundi, ambaye mara nyingi alikuwa mwalimu au mtumishi wa kijijini. Hawakuishia kusikiliza. Walichimba vyoo, wakafyeka vichaka, wakafukia madimbwi. Somo la mto na dawa laweza kufundishwa hivyo, kwa majuma machache kabla ya vuli, mkutano ukifanyika kijitoni na bomba la kupulizia likiwekwa katikati ya duara, tena likiwa tupu na safi, ili kila mtu aoneshwe mahali pa kuchanganyia na mahali pa kusuuzia. Akina mama wapewe nafasi ya kusema mapema, kwa kuwa wao ndio wachotao maji chini ya mahali bomba linaposuuzwa.

Samaki wanaohusika si wengi kiasi cha kuchezewa. Ziwa Victoria lilikuwa na aina mamia za furu, na katika miaka ya 1980, baada ya sangara kuenea, nyingi zilitoweka. Maziwa madogo na vinamasi vinavyolizunguka, vikiwemo vile vya Bonde la Kagera, vimebaki kuwa kimbilio la aina ambazo ziwani ni nadra au hazipo. Ningu alivuliwa vibaya kwa nyavu zilizotandwa katika midomo ya mito wakati akipanda kuzaa, na tangu katikati ya karne iliyopita hakurudia wingi wake. Kundi kubwa la samaki laweza kupoteza mayai elfu kumi lisijue. Kundi dogo lililojificha katika kinamasi kimoja halina akiba hiyo, na kasoro ikiingia katika kizazi chake hakuna damu nyingine ya kuja kuipunguza nguvu.

Imebaki kazi ya kupima, na watu hudhani kwamba hiyo ni ya Ulaya au ya Dar es Salaam peke yake. Kipimo cha nyota yenye mkia kweli kinahitaji maabara yenye vyombo vya bei kubwa. Kipimo cha viini vidogo hakihitaji. Rangi itumikayo kwa damu ya samaki ni Giemsa, ile ile ambayo katika zahanati na vituo vya afya hutumika kupaka kioo cha damu ya mgonjwa wa malaria, na hadubini inayomwona kimelea cha malaria inakiona pia kiini kidogo. Mtaalamu wa maabara wa kituo cha afya, mwalimu wa bayolojia wa sekondari, na Bwana Samaki, wakikaa meza moja, wanavyo vyombo vyote. Kinachotakiwa zaidi ni uvumilivu wa kuhesabu, kwa kuwa viini vidogo ni vichache: seli elfu moja au mbili kwa kila samaki, kisha samaki mwingine, na mwingine, wale wa juu ya mashamba na wale wa chini yake, bila ya mhesabuji kujua kioo kipi kimetoka wapi. Matokeo yapelekwe kwa wataalamu wa uvuvi wayahakiki kabla ya mtu yeyote kuyatangaza.

Damu ya ulinganisho hupatikana kabla ya msimu tu. Mvua zikisha kuanza, na maduka yakisha kuuza, nafasi hiyo imepita hadi mwaka mwingine. Kwa hiyo vioo vya kwanza inafaa vipakwe mwezi Agosti, kijito kikiwa bado chembamba na mabomba yakiwa bado yametundikwa ukutani.